Pua ya Chombo Ilianza Kuinama Mwezi wa Pili

Dereva wa kirikuu aliponiona nimekaa nyuma kwenye bodi, nimekumbatia kitu kirefu kilichofunikwa shuka, alishusha sauti akanipa pole. Nikafunua upande mmoja aone mwenyewe. Akaona pembetatu ya kijivu, ndefu kama mtoto wa chekechea, imejaa vimnara na vitundu. "Ndege?" Nikamwambia ni chombo cha anga, kimejengwa kwa vitofali vya Lego, vile vya plastiki vya kuchezea, zaidi ya elfu tano na mia tano, bila tone la gundi. Akakitazama tena, akasema, "Basi twende mdogomdogo, kaka." Na kweli alikwenda mdogomdogo.

Tulikuwa tunahama Sinza kwenda Kimara. Kwenye lami hapakuwa na shida. Tulipoiacha Barabara ya Morogoro pale Stop Over na kuingia njia ya ndani, mvua za kwanza za masika zilikuwa zimeshachimba makorongo. La kwanza tukavuka. La pili nikasikia tak, kama mtu anabangua korosho. La tatu ikawa tak-tak-tak mfululizo, na pua ya chombo, sentimita arobaini nzima, ikanilalia magotini. Jioni ile binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, alikaa sebuleni na ungo wa mama yake akachambua vipande kwa ukubwa wake, hasemi neno. Alikuwa ameuona uso wangu.

Nataka kueleza ni kitu gani kilikosekana ndani ya kile chombo. Nimeshakutana na watu wazima wenzangu wawili watatu hapa mjini wenye mapenzi haya, na wote tumetumbukia shimo moja: mtu anaongeza urembo juu, urembo unaongeza uzito, na mifupa ya ndani inabaki ileile ya mwanzo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Vitofali viliniingia nikiwa na miaka thelathini na nne, baada ya shangazi wa binti yangu kumletea boksi dogo kutoka Uingereza. Mtoto alicheza siku mbili akahamia kwenye kamba. Mimi sikuacha. Wapo wanaoniuliza mtu mzima anafanya nini na midoli, na jibu langu halijabadilika: nikishasahihisha madaftari ya mikondo miwili, mikono yangu inataka kazi ambayo nikikosea naona palepale nimekosea wapi.

Chombo chenyewe nilikipata zamu yangu ya mchezo ilipofika, ule mchezo tunaochangishana walimu. Kuna familia ya wageni Msasani ilikuwa inarudi kwao na inauza vitu vya nyumba. Kilikuwa seti namba 75252, Imperial Star Destroyer, chombo cha kivita cha kwenye filamu za Star Wars, iliyotoka mwaka 2019: vipande 4,784, urefu sentimita 110, upana 66, kimo 44. Marekani kilikuwa kinauzwa dola 699.99. Mimi nilikinunua kwa laki nane, kimevunjwavunjwa kwenye ndoo mbili za rangi za lita ishirini. Nilikijenga kwa kufuata kitabu chake, likizo nzima ya mwezi wa sita, na kikasimama wima bila tatizo lolote. Hilo nalisema wazi, maana yaliyofuata yalitoka mikononi mwangu.

Ndani kilikuwa na nafasi tupu nyingi, na nafasi tupu inaniwasha. Nikajenga ukumbi wa kuegesha vyombo vidogo, nikaweka sakafu mbili juu yake, nikapitisha taa za mkanda za Kariakoo zinazowashwa na pawabenki. Nikaongeza vimnara mgongoni. Halafu, kwa kuwa nilitaka mtu akichungulia kwa chini auone ule ukumbi, niliondoa stendi yake nikaweka nguzo moja tu, nikaisogeza nyuma kabisa karibu na injini. Usiku taa zikiwaka kilionekana kinaelea. Wanafunzi wangu niliowaonyesha picha walinyamaza darasa zima, jambo lisilotokea mara nyingi kipindi cha saa nane mchana.

Mwezi wa pili pua ikaanza kuinama. Sikuiona pua, niliuona ufa. Kati ya mabamba mawili makubwa ya mgongoni ulitokea mstari mwembamba kama karatasi. Nikabana kwa kidole, ukafungika, kesho yake ukarudi. Mwisho wa mwezi sarafu ya shilingi mia mbili ilikuwa inapita mlemle. Nyumba ya Sinza ilikuwa na bati lisilo na dari, na anayeijua Dar ya Januari hadi Machi anajua sebule ya namna hiyo inakuwaje saa tisa alasiri. Vitofali hivi vimetengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS tangu mwaka 1963. Ni plastiki ngumu na nzuri, lakini plastiki ni plastiki. Ikibebeshwa mzigo mchana na usiku, wiki baada ya wiki, inajinyoosha kidogokidogo, na joto linaiharakisha. Kile ufa kilichokuwa kinaniambia ni kwamba upande wa juu wa chombo unavutwa. Nilikuwa na dalili mkononi na sikuisoma. Makorongo ya Kimara yalikuja kumalizia tu.

Jumapili ya pili baada ya kuhamia, mjomba wangu alikuja kutoka Mbagala kuona nyumba. Mjomba ni fundi mwashi. Amejenga tangu kabla sijazaliwa, na magoti yake ndiyo yaliyomstaafisha. Alikuta mabaki yote yako juu ya mkeka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hiki kilichoanguka ni nini?"

Nikamweleza. Hakucheka. Aliomba kigoda, akaketi, akachukua vitofali viwili, akavibana pamoja, akavikanyaga kwa kisigino cha kiatu. Akaviokota, akavitenganisha kwa kucha ya kidole gumba. Akavibana tena, akavitenganisha tena.

"Ukikikandamiza?"

"Hakidhuriki."

"Ukikivuta?"

"Kinaachia."

"Basi hiki ni zege," akasema. "Zege libebeshe upendavyo, ila usilivute. Anayevutwa ni nondo. Nondo ya chombo chako iko wapi?"

Nilimwonyesha kiunzi cha ndani, zile boriti za Technic, vipande virefu vya Lego vyenye matundu, zinazoungwa kwa pini. Akakipapasa kutoka mkiani hadi pale kilipokatikia. Halafu akaniuliza nimekiegemeza wapi, nikamwonyesha nyuma. Akatoka nje, akanionyesha kibaraza cha jirani kinachoning'inia juu ya mlango bila nguzo mbele. Kibaraza kama kile, akasema, nondo zake kubwa zinakaa juu. Linta ya dirisha imeshikwa pande mbili, kwa hiyo tumbo lake ndilo linalovutwa, na nondo unazilaza chini. Kibaraza kimeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo mgongo ndio unaovutwa. Ameona vijana wakilaza nondo chini kwa mazoea ya linta, na siku ya kutoa mbao kibaraza kinashuka na mbao zake.

Mimi kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha pili kueleza momenti, nguvu mara umbali kutoka kwenye egemeo. Ilikuwa mara ya kwanza kuelewa kwa vidole nilichokuwa naandika ubaoni. Nilipoondoa stendi na kuweka nguzo moja nyuma, niligeuza linta kuwa kibaraza. Kisha uimarishaji wote nilioufanya, maana niliwahi kuongeza boriti nne za akiba, niliuweka tumboni.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2012 wahandisi wa Open University ya Uingereza walikiweka kitofali cha vinundu vinne, vile vichomozo vya juu vinavyoshikana na kitofali kingine, kwenye mashine ya kukandamiza, kikastahimili kiasi cha kilo 430 kabla ya kusalimu amri. Kilo 430 kwa kitu cha ukubwa wa ncha ya kidole, nacho kinaachia kwa kucha ya mzee wa miaka sabini.

Nikaanza upya. Kiunzi kipya nilikijenga kuanzia mgongoni kushuka chini. Nilianza na kile ninachokiita mkuku, kama wa jahazi, ila huu wangu unapita juu, unakimbia kutoka kwenye nguzo hadi karibu na pua. Boriti nyoofu ndefu niliyonayo ina matundu 15, na tundu hadi tundu ni milimita 8, kwa hiyo inakupa kama sentimita 12 tu. Mkuku wa sentimita 72 hauwezi kupatikana kwa kipande kimoja. Ni lazima kuunga. Hapa kila aliyewahi kutazama ukuta anajua dawa: kiungo kisikae juu ya kiungo. Nililaza boriti safu tatu ubavu kwa ubavu, na kila safu nikaianzisha matundu matano mbele ya mwenzake, ili popote safu moja inapoishia, mbili nyingine ni nzima. Pini mbili kila upande wa kiungo, zikiachana kadiri nafasi inavyoruhusu. Pini mbili zilizokaa jirani zinashika kidogo sana kuliko mbili zilizoachana. Jaribu kukunja kwa mkono utaona.

Kuhusu pini kuna jambo lilinichelewesha wiki nzima. Pini nyeusi ina mikunjo midogo ubavuni, ukiisukuma inaingia kwa kukaza na inakataa kuzunguka. Ile ya kijivu haina mikunjo, inazunguka kama bawaba iliyotiwa mafuta, na imetengenezwa hivyo makusudi kwa ajili ya viungo vinavyocheza. Kwenye ndoo zangu zilikuwa zimechanganyika, nami nilichomeka iliyokuja mkononi. Mkuku ulikuwa unalegea sehemu mbili na sijui kwa nini. Binti yangu ndiye aliyeona: "Baba, hapa umeweka za kijivu." Tukaketi na tochi, tukazitoa moja moja kumi na tisa.

Kona nazo zilinipa somo. Mjomba alinikumbusha kanuni ambayo fundi yeyote wa msingi anaitembeza kwa uzi na vigingi: pima tatu upande huu, nne upande ule, na kama mshazari ni tano, kona yako imekaa sawa. Akasema nifunge viunzi vyangu vya ubavuni kwa mishazari, kwani mraba usio na mshazari unalala kama fremu ya dirisha iliyopigiliwa msumari mmoja kila kona. Nikachukua boriti ya matundu 3, ya matundu 4 na ya matundu 5. Zikaungana vizuri kabisa, pembetatu ngumu kama jiwe, lakini kona ilikuwa imefunguka waziwazi, zaidi ya digrii mia. Nikadhani boriti zimepinda. Usiku, nimelala, ikanijia: matundu matatu yana nafasi mbili katikati. Umbali unahesabiwa kutoka tundu hadi tundu, kwa hiyo nilijenga mbili, tatu, nne. Nikaamka saa saba usiku nikachukua ya matundu 4, ya 5 na ya 6, na kona ikakaa. Niliipima na kona ya daftari la hesabu. Mke wangu akauliza nini tena, nikamwambia imekaa sawa, akasema haya, zima taa.

Bado kulikuwa na sakafu zangu mbili za ndani na ule ukumbi, na hizo ni za vitofali vya kawaida vinavyoshikana kwa vinundu. Taa zilikuwa zimening'inizwa kwenye dari ya ukumbi, maana yake kila kinundu pale kilikuwa kinavutwa kwenda chini. Kwa hili ipo hesabu nzuri ambayo kila nikiitumia naifurahia. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6. Bamba moja lina 3.2. Ukichukua kitofali chenye matundu ubavuni, ukaweka mabamba mawili juu yake, kisha kitofali kingine chenye matundu, kutoka katikati ya tundu la chini hadi katikati ya tundu la juu ni 9.6 jumlisha 3.2 jumlisha 3.2, yaani 16. Na 16 ni nafasi mbili za milimita nane. Kwa hiyo boriti ya matundu matatu ikisimamishwa ubavuni inaingia pini ya juu na ya chini bila kulazimisha, na vile vitofali vikiwa vimefungwa hivyo huwezi kuvitenganisha mpaka uchomoe pini. Hiyo ndiyo ringi ya nondo. Nilifunga ringi kila baada ya vinundu nane kwa urefu wote wa ukumbi. Niliugeuza juu chini nikautikisa juu ya kitanda. Hakikudondoka hata kigae.

Vifaa vingi vya kazi hii nilivipata Karume, kwenye mitumba ya midoli. Ukienda mapema siku balo linafunguliwa, unakuta mafungu ya vitofali yamechanganyika na magurudumu, vichwa vya wanasesere na betri zilizovuja. Wauzaji wananijua sasa, wananiwekea. Kitu cha kwanza natazama juu ya kinundu: vitofali halisi vina neno LEGO limechorwa juu ya kila kinundu, dogo sana, lakini ukigeuza kwenye mwanga unalisoma. Visivyo na neno hilo sivitupi. Vinafaa kujaza, vinafaa urembo. Lakini mahali penye kubeba mzigo naweka halisi tu, kwa sababu vingine vinabana mno na vingine havibani, na ukuta wa matofali ya vipimo tofauti hauna fundi wa kuusimamisha. Vya rangi ya kahawia navijaribu kwa kuvikunja kwanza. Kuna vya miaka ya nyuma ambavyo vinakatika kama biskuti. Navifua vyote kwenye beseni kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, yasizidi nyuzi 40, na kuanika ni kivulini kwenye kanga. Jua la hapa linabadilisha vyeupe kuwa rangi ya siagi.

Siku moja nilinunua mabamba matatu makubwa ya kijivu yenye alama za kalamu ya wino usiofutika. Nikachukua dawa ya mke wangu ya kutolea rangi ya kucha. Wino ulitoka. Na uso wa bamba ukatoka nao: ukalainika, ukashika nyuzi za pamba, na nilipoweka kidole alama ya kidole changu ikabaki pale mpaka leo. Dawa ile ina asetoni, na asetoni inayeyusha ABS. Mabamba hayo hayapatikani kirahisi, yaliniuma.

Kuhusu gundi nitasema msimamo wangu. Wapo wanaogundisha kila kitu wakaondoa mashaka. Mimi siwezi. Kitofali kilichogundishwa kimekufa, hakitakuwa kitu kingine tena, na uzuri wote wa vitu hivi ni kwamba ukuta wa leo ni injini ya kesho. Kwa upande mwingine, wapo wanaosema kisiingie kitu chochote kisicho cha Lego, hata stendi. Hapo nawapisha. Stendi nimechomelewa na fundi wa mtaani: sahani nene ya chuma chini, bomba la mraba la inchi moja juu, tumelipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Ndani ya chombo bomba linaingia kwenye kitanda cha boriti na kubanwa pande nne. Chuma kinabeba chombo kizima, vitofali vinajibeba vyenyewe.

Lakini stendi ikae wapi? Safari hii sikukisia. Nilichukua mchi wa kinu, nikaulaza sakafuni, nikaweka kiunzi kilichokamilika juu yake, mzigo wote ukiwa ndani, taa na pawabenki, nikawa nausogeza mchi kidogokidogo huku binti yangu ameshika pua na mimi mkia. Kuna sehemu kilitulia, mikono yetu yote miwili ikiwa hewani. Tukapiga alama ya chaki. Ilikuwa sentimita kumi na tisa mbele ya mahali nguzo yangu ya zamani ilipokuwa. Ukumbi sasa unaonekana nusu, na nimekubali hivyo.

Ngozi ya nje ilikuja mwisho. Mabamba makubwa ya juu na ya chini hayabebi chochote siku hizi. Yamelazwa juu ya kiunzi na kushikwa na vishikizo vichache, kama bati kwenye kenchi. Toleo la zamani la chombo hichi, namba 10030 la mwaka 2002, mabamba yake yalishikwa kwa sumaku, nami nilijaribu sumaku ndogo nilizozitoa kwenye diski mbovu za kompyuta. Zinashika kwa nguvu ya ajabu, lakini moja ilichubuka, na baada ya mvua moja ilikuwa imeshika kutu. Nikarudi kwenye vishikizo.

Kuna jambo la mwisho ambalo ni la kwetu wapangaji. Kodi ya miezi sita ikiisha huna uhakika, kwa hiyo chombo kisichoweza kuhama ni chombo kinachosubiri kuvunjika. Kipya nimekijenga vipande vitatu: pua, kati, mkia. Kila kiungo kina pini ndefu nne zenye kichwa cha kushikia, unazichomoa kwa vidole viwili, kipande kinatoka na mkuku wake. Hakuna kipande kinachozidi nusu ya mlango. Mwenye nyumba wa Kimara alipouza nyumba, tulihamia Mbezi kwa bajaji mbili. Pua ilikaa kwenye sanduku la kuku lililotandikwa magazeti, kati nilipakata mimi, mkia alipakata binti yangu kwenye bajaji ya mama yake. Barabara ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Tulifika, tukaunganisha sakafuni kabla ya kufungua hata boksi la sufuria, na mke wangu akatuachia dakika kumi.

Mjomba alikuja tena kuona nyumba, akaja na uzi wake wa kijani. Alifunga ncha moja mkiani, akaivuta nyingine mpaka puani, ikakaza, akaupiga kwa kidole ukalia. Akaniambia nitazame nafasi kati ya uzi na mgongo wa chombo pale mbele. Nilipima kwa rula: milimita mbili. Akasema niandike. Tangu hapo kila tarehe mosi mimi na binti yangu tunavuta uzi, yeye anasoma rula, mimi naandika kwa penseli nyuma ya mlango wa chumba. Safu ya namba imeshafika karibu na komeo. Januari, Februari na Machi tuliandika mbili, mbili, mbili na nusu. Mwezi wa nne nilikaza pini moja ya mkuku iliyokuwa imejisogeza, na tarehe mosi iliyofuata akasoma, "Mbili, baba."